Kisu cha Kukunja Kikianza Kucheza: Ni Skrubu au Loki?

Kisu cha kukunja kilichofanya kazi nzito kwa muda mrefu hulegea, na hilo halishangazi. Muhimu ni kujua kinacheza kuelekea wapi. Kuna kulegea unakoweza kukumaliza mwenyewe kwa bisibisi, na kuna kulegea kunakoweza kukukata vidole.

Kifungue mpaka loki, kizuizi kinachouzuia ubapa usijifunge, ishike. Shika mpini, kisha bana ubapa kwa juu, upande wa mgongo, vidole vikiwa mbali na makali. Usukume kushoto na kulia. Ukicheza hivyo, mara nyingi tatizo ni skrubu ya mhimili, pale ubapa unapozungukia. Ikaze kidogo sana, chini ya robo ya mzunguko, kisha ufungue na kufunga uone kama ubapa bado unapita bila kukwama. Ikiwa inalegea kila mara, ifungue, safisha nyuzi zake kwa spiriti, tia tone dogo la gundi ya skrubu ya nguvu ya wastani, ndipo uirudishe. Gundi isifike kwenye washa, vile visahani vyembamba vilivyo kando ya ubapa, la sivyo ubapa utaganda.

Sasa sukuma ubapa juu na chini, kwa upole. Ukicheza kwa mwelekeo huo, mtazamo wetu sisi mafundi hubadilika kabisa, kwa sababu hapo tunashuku loki yenyewe.

Katika visu vingi vya sasa, loki ni bamba la chuma ndani ya mpini linaloruka na kukaa nyuma ya kitako cha ubapa, yaani mwisho wake ulio ndani ya mpini. Kisu kikiwa kipya, bamba hushika sehemu tu ya upana wa kitako. Kadiri nyuso hizo mbili zinavyosuguana na kulika, bamba husogea mbele zaidi kutafuta mahali pa kukaza. Kwa hiyo kusogea kidogo katika siku za mwanzo ni kawaida, nyuso zinazoeana. Bamba likishavuka mpaka kugusa ukuta wa upande wa pili, halina tena pa kwenda, na uchakavu wowote unaofuata huwa mwanya. Bamba la titani huwahi zaidi, kwani titani ni laini kuliko chuma cha ubapa; ndiyo maana watengenezaji wengine huweka kipande cha chuma kigumu kwenye ncha yake.

Visu vyenye loki ya mgongoni hufanya kazi tofauti: jino la upau ulio mgongoni mwa mpini hudondokea kwenye pengo la kitako. Hivi tusiviharakishie hukumu. Mara nyingi pengo limejaa vumbi na mafuta yaliyoganda, jino halifiki chini, na kusafisha kwa kijiti na spiriti kunatosha. Tena vingi hucheza kidogo sana juu na chini tangu vikiwa vipya.

Kinachoua loki haraka ni kutumia ubapa kama mtaimbo na kuugonga mgongoni ili upasue mbao. Kufungua kwa kurusha mkono kila mara nako huchosha pini ya kuzuia ubapa, ile inayousimamisha unapofika mwisho wa kufunguka. Tunawasihi pia msijaribu loki kwa kugonga mgongo wa kisu mezani: kipigo hicho huharibu loki iliyo nzima.

Ukituletea kisu, tunakifungua chote, tunakisafisha, kisha tunaangalia pini hiyo na uso wa loki. Pini ikiwa imelika au imepinda, tunaweka nyingine, wakati mwingine nene kidogo, ili bamba lishike mapema tena. Bamba lililokwisha tunalibadilisha kama kipuri kipo. Hatupigi tupa kitako cha ubapa kwa kubahatisha, maana chuma kikishaondoka hakirudi. Na loki inayoachia kwa kusukumwa kidogo, ikiwa haina kipuri, tutakuambia waziwazi usikitumie tena kisu hicho.

Tafadhali kilete kikiwa kimefungwa, bila kukikaza wala kukitia mafuta kwanza, tukione kilivyo.