Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Inzi Weupe na Pingili Safi

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mweka hazina. Mimi nitajikita kwenye inzi weupe wa muhogo, maana kazi ya kuwakusanya ili maabara isome vinasaba vyao ndiyo iliyobeba mwaka wetu.

Wengi mmeuliza: huyu inzi anajulikana siku nyingi, jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote kwa pamoja, ya nini? Ni kwamba jina lake la kitaalamu, Bemisia tabaci, limebeba wadudu wengi wanaofanana kwa macho, na anayesumbua nyanya si lazima awe huyu wa muhogo. Jenomu ya inzi wa muhogo wa Afrika ilichapishwa mwaka 2019: herufi za DNA takriban milioni 514, jeni 15,084. Kazi hiyo iliwagawa inzi hao katika makundi sita barani, likiwemo la Afrika Mashariki na Kati na la Mashariki na Kusini. Awali ilikuwa ikipimwa zaidi jeni moja ya mitokondria, yaani vijisehemu vya seli vyenye DNA yake pekee. Jeni hiyo hurithiwa kwa mama tu, kwa hiyo makundi mawili yakizaliana, upande wa baba hauonekani kabisa. Kwa mkoa kama Kigoma, uliopakana na Burundi na Kongo, kipimo hicho hakitoshi.

Sasa sampuli, ambako ndiko kazi inakoharibikia. Chagua shamba la miezi mitatu hadi sita, uingie asubuhi mapema inzi wakiwa bado wazito. Fuata mistari miwili kutoka kona hadi kona, mimea 30. Shika kikonyo, geuza jani taratibu, hesabu kwenye majani matano ya juu yaliyokwisha kukunjuka. Wavute kwa mrija na uwatie kwenye alkoholi ya asilimia 95. Chukua wenye mabawa tu, kwani tunutu (mtoto wa inzi) aliyeganda chini ya jani huenda amebeba nyigu mdogo ndani yake, na maabara itasoma vinasaba vya nyigu. Kati ya wenye mabawa, msiwaache wadogo mkadhani hawafai: madume hutokana na mayai yasiyorutubishwa, wana seti moja tu ya kromosomu, na jenomu yao husomeka kwa urahisi zaidi.

Shamba moja, kichupa kimoja. Lebo iandikwe kwa penseli; wino wa kalamu huyeyuka kwenye alkoholi, na vichupa kadhaa vimetupwa kwa sababu hiyo. Kifuniko kikilegea alkoholi hukauka na DNA hukatikakatika. Inzi wa milimita moja ana DNA kidogo mno, hakuna ya kupoteza.

Jenomu haitaponya shamba la mtu msimu huu. Inzi huyu hueneza virusi vya magonjwa mawili ya muhogo, batobato na michirizi ya kahawia. Virusi vya batobato hukaa ndani ya inzi siku nyingi na kusafiri naye mbali. Vya michirizi ya kahawia humtoka ndani ya siku moja hivi; safari ndefu za virusi hivyo hufanywa na pingili, yaani vipande vya shina vya kupanda, tunazopakia sisi wenyewe kwenye baiskeli na malori. Tena majani yanaweza kuonekana mazima huku mizizi imeoza ndani, kwa hiyo kuangalia mmea kwa juu pekee ni kujidanganya.

Kamati inaleta maombi mawili ya kupigiwa kura leo: pingili zisiuzwe kwa jina la chama kabla shamba halijakaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na sehemu ya ada inunue alkoholi na vichupa kabla ya mvua za kwanza.