Baa kongwe za mitaa zisivunjwe kabla hazijaandikwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie baa moja kongwe ya mtaani kwetu Ilala, ambayo tumearifiwa kwamba itavunjwa ili kupisha ghorofa. Sitaitaja jina, kwa kuwa mwenye nyumba ana haki ya kuuza mali yake na sina ugomvi naye. Ninaowalenga ni wale waliopewa mamlaka ya kuamua kipi katika jiji hili kihesabiwe kuwa historia na kipi kihesabiwe kuwa kifusi.

Kila Ijumaa saa 10 jioni, baa inapofunguliwa, sisi wastaafu wapatao 20, wengi wetu tukiwa tumefanya kazi bandarini na reli, hukutana pale chini ya mwembe. Vijana wana kile wanachokiita hepi awa, yaani saa za jioni ambazo bia huuzwa kwa bei ya punguzo ili kuvuta wateja. Ya kwetu haina punguzo, na hatujawahi kuliomba. Mhudumu akifika hamuulizi mtu anakunywa nini, maana anatujua sote, huuliza tu, "Baridi au moto?", kisha hufungua chupa mbele yako. Chupa tupu haziondolewi mezani mpaka hesabu ilipwe, kwa hiyo bado sijaona mtu akibishia bili pale. Wapo miongoni mwetu wasiogusa pombe kabisa. Alhaji mmoja amekuwa akinywa soda ya tangawizi tangu nimfahamu, na anapokwenda kuswali Magharibi kiti chake huegemezwa kwenye meza ili asikikalie mwingine.

Ikifika saa 12 katibu hutoa daftari la michango kwenye mfuko wa kaki. Hapo ndipo tunapojua nani amelazwa, nani amefiwa na nani hajaonekana wiki mbili, na watu wawili huteuliwa kwenda kumjulia hali. Mwenzetu mmoja aliyehangaikia mafao yake kwa muda mrefu aligundulia kwenye meza ile kwamba kilichomkwamisha ni fomu moja tu, akaelekezwa na mtu ambaye naye aliwahi kukwama hapo hapo. Sijui ni ofisi gani ingemweleza jambo hilo kwa utulivu kiasi kile.

Wasomaji wako wataniambia kwamba haya yanaweza kufanyika kwenye ukumbi wowote, na huenda ni kweli. Hata hivyo, wenye kumbukumbu wanafahamu kwamba katika jiji hili baa haikuwa mahali pa kulewea tu. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, ikabadilika jina kuwa JUWATA na baadaye OTTU kadiri chama kilivyobadilika, hadi leo tunaiita Msondo Ngoma. Wapigaji wake walikuwa waajiriwa, na wacheza dansi wake walikuwa makuli, makarani na mafundi waliotoka kazini. Mlimani Park Orchestra, iliyozaliwa mwaka 1978 na kupendwa kwa jina la Sikinde, ilichukua jina lake kutoka kwenye baa ilimokuwa ikipiga. Baa ndiyo iliyoipa bendi jina, Mhariri! Leo sauti ya marehemu Muhidin Gurumo, mwimbaji wa bendi hizo, inarushwa redioni kama hazina ya taifa, lakini sijaona kibao hata kimoja kinachoonyesha sakafu alizosimama kuimba.

Tatizo mojawapo limo katika sheria yenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyahesabu majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863 kuwa ya kale bila kuhitaji tangazo lolote. Kwa kipimo hicho magofu ya Kilwa yamo, na ni haki yao, ila jiji la wafanyakazi lililokua katika karne ya 20 limeachwa nje karibu lote. Sheria hiyo hiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza sehemu nyingine yenye umuhimu wa kihistoria, na uwezo huo ndio ninaouomba ukumbukwe kabla Ilala haijafuata njia ya Kariakoo, ambako nyumba za Kiswahili zimemezwa na maghorofa, moja baada ya nyingine, bila hata kupigwa picha.

Wenzetu wa Uingereza wana utaratibu unaostahili kuangaliwa. Chini ya sheria ya mwaka 2011, wakazi wanaweza kuomba jengo liorodheshwe kuwa mali yenye thamani kwa jamii, na mwenye nyumba akitaka kuuza wanapewa miezi sita ya kukusanya fedha. Baa ya Ivy House, kusini mwa London, iliorodheshwa hivyo mwaka 2012, na mwaka uliofuata majirani wakainunua kwa njia ya ushirika. Sisemi kwamba wastaafu wa Ilala tunaweza kununua kiwanja kwa bei za leo. Michango yetu haitoshi hata kununua mlango. Ninachosema ni kwamba miezi sita ingetosha kupima jengo, kupiga picha na kuwahoji wazee waliobaki.

Nafahamu pia kero za baa, kwa sababu nami nina wajukuu wanaoshindwa kulala kwa ajili ya spika za jirani. Baa inayokiuka saa za leseni au kupiga kelele ichukuliwe hatua, iwe kongwe au mpya. Hilo haliizuii Halmashauri ya Jiji kumtuma Afisa Utamaduni na daftari, akaanza kuorodhesha baa na kumbi za zamani zilizosalia kabla ya kibali kingine cha kubomoa kutolewa.

Akipenda kuanzia kwetu, tunakaa pale kila Ijumaa hadi saa 2 usiku. Haina haja ya barua ya miadi. Aulize tu walipo wazee wa mwembeni, na kiti atakikuta.

Mstaafu,
Ilala, Dar es Salaam