Shukrani kwa kaka wa bodaboda pale Bendera Tatu

Jamani naomba nimshukuru kaka mmoja ambae hata jina sikumuuliza. Jumamosi nilikua namsindikiza bimkubwa kupanda treni ya SGR kutoka Dar kwenda Dodoma, tumetoka Mbagala mapema kabisa na daladala ila tulipofika Bendera Tatu foleni ikakaza, malori, bajaji, abiria wa Kariakoo, hakuna anaesogea, na treni ya umeme sio basi la kubembeleza konda, muda ukifika inaondoka. Tukashuka tutembee, mama goti linamsumbua na kuna kiroba cha mchele alichokomaa lazima kifike kwa wajukuu.

Huyo kaka alikua amepaki anasubiri abiria, akamuona mama ameegemea nguzo anahema, hakuuliza kitu, akampandisha kwenye pikipiki, kiroba akakiweka mbele juu ya tenki, akawa anaisukuma taratibu pembeni ya magari bila kuwasha ili mama asiogope. Jasho linamtiririka. Mpaka getini pa stesheni! Nikampa elfu tano akaikataa, akasema tu "nenda mama, treni haisubiri."

Mama alifika salama. Kaka, asante sana, kila akipiga simu anakuulizia.