Jando limehamia hospitali, mafunzo yake yamebaki wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee vijana wetu wa kiume walio katika umri wa kubalehe, ambao nimewafundisha kwa sehemu kubwa ya maisha yangu katika mikoa ya Lindi na Mtwara.

Kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera, mvulana alitolewa utotoni kwa jando. Alikaa kumbini pamoja na wenzake wa rika moja, akatahiriwa na ngariba, kisha akafundishwa na watu wazima namna ya kuishi na wazazi, wanawake na jamaa. Sisemi kwamba kila kilichofanyika huko kilikuwa chema, kwani wembe mmoja ulitumika kwa wengi, vipigo vilikuwapo, na baadhi ya mafunzo yalimdharau mwanamke. Ndiyo maana naunga mkono kwa dhati tohara ya kitabibu, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2007 baada ya utafiti kuonyesha kuwa hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Lakini tohara ya hospitali huchukua muda mfupi, na kijana hurudi nyumbani na maelekezo ya kutunza kidonda na ushauri mfupi wa kujikinga na VVU tu. Hata pale jando linapoendelea, wazazi wengi hupeleka watoto wakiwa bado wadogo mno, wasioweza kuelewa wanachoambiwa, na balehe inapofika hakuna anayeyarudia mafunzo yale.

Balehe yenyewe ina mambo mengi ya kutisha kwa asiyeelezwa. Wavulana wengi huianza kati ya miaka 9 na 14, kwa kawaida nyuma kidogo ya wasichana, na hivyo katika darasa la sita au la saba utamkuta mvulana mfupi, mwenye sauti ya kitoto, akichekwa na wenzake waliokwisha kurefuka, naye huamini kwamba ana kasoro. Mwingine hupata ndoto nyevu akadhani ameugua au ametenda dhambi. Nimewaona wanafunzi hodari wakinyamaza ghafla darasani kwa sababu sauti zao zilikuwa zikibadilika, na mwalimu akawahesabu kuwa wakaidi. Juu ya hayo, sehemu ya mbele ya ubongo, inayomsaidia mtu kupima matokeo ya tendo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, wakati hamu ya kukubaliwa na rika huwa kali mapema zaidi. Asiyempata mtu mzima wa kumuuliza atamuuliza rafiki wa kijiweni au simu, naye atafundishwa kubeti, ingawa sheria inakataza walio chini ya miaka 18, pamoja na picha za ngono ambazo atazichukua kuwa ndiyo mapenzi.

Wasichana wamepata walimu walezi na, katika baadhi ya shule, vyumba vya kujihifadhi. Wanastahili hayo na zaidi, na sitaki yeyote asome barua hii kama malalamiko dhidi yao. Ninachotaka ni baba, mjomba na babu warudi katika kazi yao, maana wengi wetu tumeiacha kwa mama, ambaye kijana huyu anamwonea haya.

Kwa utaratibu wa sasa, mwanafunzi wa darasa la saba humaliza mtihani mwezi Septemba na kungoja kidato cha kwanza hadi Januari, bila kazi maalumu. Naziomba halmashauri za mikoa yetu zitumie sehemu ya kipindi hicho kuwakutanisha vijana hawa na wauguzi wa kiume, viongozi wa dini na wazee wanaoaminika, katika madarasa yanayokuwa matupu wakati wa likizo ya Desemba, wafundishwe juu ya miili yao, hasira, fedha na heshima kwa wasichana, na waruhusiwe kuuliza lolote bila kuchekwa. Kata moja ingetosha kwa kuanzia, na walimu wastaafu kama mimi tuko tayari kujitolea.

Mwalimu mstaafu,
Masasi, Mtwara.