Maneno ya skrini yana ruhusa yake

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Barua yako imefika. Unauliza: ukitaka kutoa karaoke za dansi la zamani, uanze na kinanda au na makaratasi? Anza na makaratasi, tena kabla hujamwita hata mpiga besi mmoja.

Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani mahadhi ya wimbo na mashairi yake, na kuna rekodi, ile masta. Watengenezaji wengi wa karaoke hawaigusi masta. Huita wapigaji studio, wakapiga upya kila kitu, na hapo wa kuombwa ruhusa anabaki mwenye utunzi. Kwa dansi la miaka ya 1960 hadi 1980 njia hiyo ndiyo itakayokufaa, maana kanda nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania na leo ziko TBC. Ukianza kufuatilia nani hasa ana haki juu ya kila kanda, mwaka utaisha hujapiga noti.

Kwa mtunzi usiombe ruhusa ya kurekodi tu. Hapo ndipo watu wanapoumia. Ruhusa ya kurekodi ni ya kupiga wimbo na kutoa nakala. Kuyaandika mashairi yake kwenye skrini, yakienda sambamba na muziki, ni jambo jingine na lina ruhusa yake. Marekani walifikishana mahakamani kwa hilo. ABKCO, wenye haki za nyimbo za Mick Jagger na Keith Richards, waliwashtaki Stellar Records waliotoa diski za karaoke kwa leseni ya kurekodi peke yake, na mwaka 1996 mahakama ya rufaa huko New York ikasema leseni ile haifiki kwenye maneno yanayosomwa. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya upande wa magharibi ikawaambia vivyo hivyo Leadsinger, waliouza maikrofoni yenye nyimbo ndani yake.

Tazama tofauti ya fedha. Kule kwao leseni ya kurekodi wimbo uliokwisha kutolewa, usiozidi dakika 5, mwaka 2023 ilikuwa senti 12 kwa nakala. Nakala 1,000 ni dola 120, na mwenye wimbo hawezi kukukatalia. Maneno ya skrini hayana bei iliyopangwa: mnapatana, na akikataa umekwama.

Kwa hiyo barua yako kwa mtunzi itaje yote: kupiga upya, kuonyesha mashairi, kubadili ufunguo (kuupandisha au kuushusha wimbo wote), kufupisha, nchi zipi, miaka mingapi, diski au mtandaoni, malipo kwa nakala au kwa mkupuo. Kama ameshafariki, waandikie warithi. Sheria ya Tanzania ya 1999 inalinda utunzi miaka 50 baada ya kifo. Jihadhari na jambo moja: kwenye lebo mara nyingi limeandikwa jina la bendi, kumbe mtunzi ni mwimbaji mmojawapo. Waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kama kazi imesajiliwa na kwa jina la nani kabla hujamlipa mtu. Leseni anayolipia mwenye baa kwa kupiga muziki hadharani ni nyingine kabisa. Yako haimkingi yeye.

Usishawishike kufuta sauti ya mwimbaji kwenye rekodi ya zamani. Ile njia ya kugeuza chaneli moja na kuijumlisha na nyingine hufuta kila kilichokaa katikati, besi ikiwemo, na kwenye kanda ya mono, ambayo chaneli zote mbili zina sauti ileile, hufuta wimbo mzima. Programu mpya zinatenganisha vizuri zaidi, lakini matoazi hubaki na mlio wa majimaji, na hapo umeshaigusa masta.

Mkirekodi, kwanza tafuteni ufunguo. Kanda ya zamani huweza kuangukia katikati ya funguo mbili kwa sababu ya mwendo wa mashine. Chagua ulio karibu. Waitikiaji wabaki kwenye miksi, kiongozi atoke, ila mrekodi kwenye traki yake, itakusaidia kupanga maneno. Wimbo ukianza na sauti bila ala, tanguliza mipigo 4. Gitaa la solo na saksafoni zipunguze kidogo kwenye masafa ya kati ya kilohezi 1 na 4, ndiko sauti ya mwimbaji itakakokaa.

Sasa maneno, na hapa usiharakishe. Kama utatumia CD+G, diski ya muziki inayobeba pia maneno ya skrini, skrini ina vigae (vipande vidogo vya picha) 48 kwa upana na 16 kwa kimo, na diski hupeleka pakiti 300 tu kwa sekunde, kigae kimoja kwa pakiti. Kuijaza skrini yote ni vigae 768, zaidi ya sekunde mbili na nusu. Ndiyo maana mstari lazima uanze kuchorwa mapema, wakati ule wa kabla bado unaimbwa. Ukichelewa, mtu anaimba herufi zisizokuwepo. Kwa ukubwa wa herufi unaosomeka toka mbali, mstari hubeba kama herufi 20 hadi 24. "Nitakapokukumbuka" peke yake ni 17. Kata mstari pale mwimbaji anapovuta pumzi, usikate katikati ya neno.

Rangi hupita silabi kwa silabi, kila silabi na alama yake ya wakati: ni-ta-ka-po-ku-ku-mbu-ka. "Mb" haigawanyiki hapo, lakini "mtu" ni silabi mbili, m-tu, na ukiiwekea alama moja rangi itakimbia mbele ya sauti. Ukigonga alama kwa kidole, zote zitachelewa kidogo, hivyo zisogeze nyuma kwa pamoja, ziwahi kidogo. Ukibadili sauti kuwa MP3 kagua tena, maana ubadilishaji huongeza ukimya mfupi mwanzoni. Kiongozi mpe rangi yake na waitikiaji yao. Chemko, ile sehemu ya ala kuchangamka, likiwa refu, weka hesabu ya kurudi nyuma kabla sauti haijaingia.

Mashairi yaombe kwa mtunzi kwa maandishi, na ayasahihishe yeye. Kabla ya kuchoma diski, mpe maikrofoni mtu asiyeujua wimbo. Anapojikwaa, weka alama, urekebishe hapo.

Nisalimie nyumbani.

Wako,
Swahiba