Barua ya kwenda Maskati, 1872

Unguja, Rajabu 1289

Shoga yangu, mtoto wa mama mdogo,

Baada ya salamu, mimi mzima, na mama yako mzima, hofu ni kwenu. Barua yako ilifika mwisho wa kaskazi. Mama yako alinisomesha mara tatu. Umeuliza kama mikarafuu ya marehemu baba yako imezaa vizuri.

Shoga, haipo. Mfunguo Tano, masika ndiyo kwanza yanaanza, tulipigwa na kimbunga ambacho hata wazee hawajaona mfano wake. Kesho yake nilishuka bandarini nikakuta majahazi yamelala ubavu, mengine yamebaki milingoti tu juu ya maji. Hata merikebu za Sultani wetu, Seyyid Barghash, zimezama.

Shambani tulifika siku ya nne, maana minazi ilikuwa imeziba njia. Nimehesabu mikarafuu iliyosimama: 11. Ule wa karibu na kisima, tuliokuwa tukikwea tukigombezwa, umeng'oka mzimamzima, na kuku wa jirani anataga ndani ya shimo lake. Watumwa wa mashamba makubwa wanakata magogo tangu alfajiri. Vibanda vyao vimepeperuka, na hakuna anayewauliza wamelala wapi. Inaniuma kupita pale.

Mama yako hakulia. Alikaa juu ya gogo, akachuma jani, akalifikicha, akanusa, akanipa nami ninuse. Kisha akasema, "Nitaotesha mingine."

Kaka yako anataka shamba liuzwe ahamie Pemba, ambako upepo haukuharibu hivi, na karafuu sasa ina bei. Simlaumu, ana watoto. Lakini mama yako amekwisha kung'oa miche chini ya ile 11, ameipanga uani chini ya makuti, anaimwagilia kwa kata kila jioni, huku akiipapasa mmoja mmoja kwa kuwa macho yamefifia. Mkarafuu huchukua miaka sita, saba, ndipo uzae. Anaijua hesabu hiyo kuliko sisi.

Mdogo wako amejifungua mtoto wa kike, wamempa jina lako.

Nahodha anatweka kesho, kusi bado inamfaa. Jibu lije na kaskazi. Kaka yako hataki kuuza bila neno lako, na mama yako hataki kukuuliza. Nakuuliza mimi: apande, asipande?

Ni mimi, shoga yako