Wenye viwanda vidogo vya bia, tuwekeeni tarehe ya kujaza

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo linanikera sana, zile bia za viwanda vidogo zenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), watu wakionja mara moja wanakunja uso, wanasema chungu kama shubiri na hawarudi tena. Mi naona wengi wao hawajawahi kuonja bia ambayo mpishi aliitengeneza, wameonja mabaki yake.

Kuna moja nilionja juzi ya kiwanda kidogo cha kujitegemea, imejazwa kwenye chupa wiki hiyohiyo, rangi ya dhahabu yenye ukungu kidogo, povu jeupe limetulia. Kabla hata sijainywa harufu ilishanifikia, balungi, ganda la chungwa, halafu kwa mbali utomvu wa msonobari. Uchungu ulikuja mwishoni kabisa, ukakaa nyuma ya ulimi kidogo ukaondoka, na utamu wa kimea upo chini yake. Baadaye nikanunua bia ileile duka moja walikoipanga dirishani juani, yani uchungu mtupu, matunda hamna, inanuka boksi lililoloa na kaharufu ka kicheche!

Sasa hopsi ni maua ya mmea wa kike, ndani yana unga wa njano unaonata wenye asidi za kuleta uchungu na mafuta ya kuleta harufu (ndio, ni ukoo mmoja na bangi, ila hazileweshi kama bangi, msiogope). Ukizichemsha muda mrefu uchungu unatoka lakini mafuta yanapaa na mvuke, ndo maana mpishi anaongeza zingine moto ukishazimwa na zingine anazitia kwenye tangi baada ya bia kupoa. Kazi yote hiyo ni kwa ajili ya harufu, na harufu ndo ya kwanza kufa, joto na oksijeni kidogo tu wiki kadhaa imefifia wakati uchungu bado upo. Jua ndo balaa zaidi, mwanga unavunja asidi za hopsi na hapo ndo kicheche anapozaliwa, chupa ya kahawia inasaidia sana, ya kijani kidogo mno, kopo linazuia kabisa. Inauma, maana watafiti Marekani walihangaika miaka mingi kupata aina za hopsi kama Cascade, ikatoka 1972, na baadaye Citra, halafu harufu yake inaishia stoo.

Ombi langu kwa wenye viwanda, mwisho wa matumizi peke yake haitoshi, bia inaweza kuwa salama kabisa na harufu ishakwenda zamani. Andikeni tarehe ya kujaza, kwa tarakimu zinazosomeka, sio alama za siri ambazo mnazijua nyie wenyewe. Wenye maduka, iwekeni kwenye friji tangu siku mzigo unaingia. Na sisi wanywaji tuache kuigandisha, baridi kali inaficha harufu, nyuzi 7 mpaka 10 zinatosha na imiminwe kwenye glasi, na ukikuta imekaa rafuni miezi minne bila friji muulize muuzaji kama ana mzigo mpya.

Msomaji wako